Kinkina ndani ya chupa ya juisi: kwa nini tulisema hapana

(Maneno ya timu ya tereni mbele ya wanachama na wageni, katika mkutano mkubwa wa asosiasioni. Tunayachapa kwa sababu wengi waliomba wayasome tena nyumbani, na kwa ajili ya wafadhili wetu ambao hawakuweza kufika.)

Tunajua kwamba wengine wenu mumekuja na kinyongo kidogo. Mulisikia kwamba timu ya tereni imekataa projé ya juisi. Hapana, hatukukataa juisi. Tulikataa kitu kimoja tu ndani ya ile juisi, na leo tunataka kueleza mbele ya kila mtu, maana maneno ya pembeni yanaharibu asosiasioni kuliko njaa.

Munajua habari yenyewe. Tangu watu warudi, wengine kutoka ng'ambo ya mpaka, wengine kutoka kambi za huku huku ndani, bamama walianza kutengeneza juisi ya tangawizi na sitroneli na kuuza kwenye barabara siku ya soko. Inaenda vizuri. Ada ya watoto wengi wa hapa inatoka kwenye zile chupa. Halafu likaja wazo: huku mlimani tuko na kinkina, miti ya zamani ambayo wengine walikuta bado imesimama waliporudi, hata pale nyumba zilipoanguka. Tuweke ganda kidogo, juisi itakuwa na uchungu mzuri kama Schweppes, tutaiita toniki, tutasema inakinga malaria, bei itapanda. Na katika barua kwa wafadhili tukaandika: mashine ya kusaga ganda.

Wazo si la kijinga. Wale waliolileta walifikiri sana. Lakini tuko na sababu zetu, na tunaomba uvumilivu, maana sababu zenyewe zinaanzia mbali.

Huku kwetu watu wengi wanaita kidonge chochote kinini. Kichwa kinauma, unaomba kinini. Lile jina linatoka kwenye ganda la ule mti ule. Mti wenyewe si wa Afrika, unatoka milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Watu wa Ulaya walipoona kwamba ganda lake linashusha homa, walilisaga na kulinywa ndani ya mvinyo kwa zaidi ya miaka mia moja. Wengine walipona. Wengine walikunywa ganda lisilo na nguvu wakafa na malaria yao. Wengine walikunywa lenye nguvu nyingi, masikio yakaanza kulia kama kengele. Hakuna aliyejua ndani ya kijiko kimoja kuna kiasi gani cha dawa. Ilikuwa bahati tu.

Mwaka 1820, Paris, Pelletier na Caventou walifaulu kutoa ndani ya ganda kile kitu chenyewe kinachofanya kazi, wakakiita kinini. Kuanzia hapo ndipo mtu aliweza kupima: leo unakunywa miligramu hizi, kesho hizi. Wadachi nao walipata mbegu za aina yenye nguvu sana, ile inayoitwa ledgeriana, wakaipanda kule Java, na kwa miaka mingi karibu dunia nzima ilikuwa inategemea Java. Wajapani walipoichukua Java mwaka 1942, katikati ya vita, kila mtu akaanza kutafuta kinkina mahali pengine. Huku Kivu Wabelgiji walikuwa wameshaanza kuipanda tangu miaka ya 1930, maana mti unapenda mlima, mvua na baridi kidogo. Njo maana wazee wetu wanakumbuka mashamba makubwa, na njo maana Bukavu kuko kiwanda cha Pharmakina kinachotoa kinini ndani ya ganda mpaka siku hizi. Basi tusione haya kwamba mti huu ni wa wageni. Tumeutunza kuliko wengi.

Na toniki? Waingereza waliokuwa India walikunywa kinini kwa ajili ya malaria, na kwa sababu ni chungu sana walitia sukari na maji ya gesi. Mwaka 1858 mtu mmoja wa London, Erasmus Bond, alichukua hati ya kutengeneza maji kama hayo kwa biashara. Baadaye watu walizoea ule uchungu, wakaupenda kwa sababu yake yenyewe. Kinini ikatoka kwenye duka la dawa ikaingia kwenye baa. Leo ndani ya Schweppes kinini si dawa tena. Ni kiungo cha ladha, kama vile vanila ndani ya biskuti.

Hapa ndipo swali la yule ndugu aliyekaa nyuma siku ile: «Wazungu wanakunywa toniki kila siku na hawafi, kwa nini sisi tukiweka ganda letu inakuwa sumu?» Swali zuri sana, tulilipenda. Jibu liko ndani ya neno moja: kipimo.

Kule Marekani sheria inasema: ndani ya kinywaji cha gesi, kinini isipite sehemu 83 kwa milioni, maana yake karibu miligramu 83 ndani ya litri moja, na etiketi lazima iseme kwamba iko. Wataalamu wa FAO na OMS wanaokaa pamoja kuchunguza viungo vya chakula tangu mwaka 1956 waliangalia habari ya kinini tena mwaka 1993, wakaona kwamba mpaka miligramu 75 kwa litri haileti wasiwasi kwa watu wa kawaida, lakini wale ambao mwili wao unaikataa lazima waambiwe. Katika Umoja wa Ulaya, mwenye kiwanda haruhusiwi kuandika «viungo vya ladha» tu na kunyamaza. Kama ni kinini, aandike kinini kwa jina lake. Munaona? Hata kwa kile kiasi kidogo, hawamwachi mnywaji bila kujua.

Tulinganishe na dawa. Mtu mzima anayetibiwa malaria kwa vidonge vya kinini anapewa karibu miligramu 600 mara tatu kwa siku, kwa siku saba. Ili kupata dozi moja tu kwa njia ya toniki, angekunywa zaidi ya litri 7. Kwa siku nzima, zaidi ya litri 21. Tumbo lingepasuka kabla malaria haijasikia kitu. Basi yule anayeuza toniki na kusema «inakinga malaria» anadanganya, awe mzungu, awe sisi. Hiyo ni ya kwanza.

Ya pili ni kinyume chake, na hiyo njo inatutisha zaidi. Ganda la mti mmoja si sawa na ganda la mti mwingine. Kuna miti ambayo kinini ndani ya ganda haifiki 1%. Kuna mingine, ledgeriana yenye asili nzuri, inapita 10%. Kwa macho huwezi kujua. Kwa ulimi utasema hii ni chungu na hii ni chungu zaidi, lakini ulimi hauhesabu miligramu, na ndani ya ganda muko vitu vingine vichungu ambavyo si kinini.

Sasa tuhesabu pamoja, kama tulivyofanya kwenye ubao. Mama anachukua gramu 10 za ganda, konzi ndogo, anazichemsha ndani ya litri moja. Ganda likiwa la 1%, ndani yake kuna miligramu 100 za kinini. Likiwa la 10%, kuna miligramu 1000, gramu nzima. Maji hayatoi yote, kweli. Tuseme yametoa nusu. Litri ile iko na miligramu 500. Vere moja ya robo litri iko na 125. Mtoto wa kilo 12, akiwa mgonjwa wa malaria na enfirmie ameamua kumpa kinini, dozi yake ni karibu miligramu 120. Yaani mtoto ambaye hana ugonjwa wowote, aliyenunuliwa juisi sokoni kwa sababu ya joto, amekunywa dozi nzima ya hospitali kwa vere moja. Na vere ya pili anaomba, maana muliweka sukari.

Kuna kitu kingine ambacho wengi hawakukifikiria. Kinini yenyewe haipendi sana maji matupu, haiyeyuki vizuri. Lakini ndani ya maji yenye ukali wa limau inayeyuka kwa urahisi, na ndani ya pombe kali zaidi. Resepti yetu iko na nini? Iko na malimau. Na tunajua kwamba vijana fulani, hatutaji mtu, wameshaanza kuloweka ganda ndani ya lutuku na kuiuza kama dawa ya kiume. Wale wasidhani kwamba tumewasahau, tutarudi kwao.

Kinini ikizidi inafanya nini? Masikio yanalia, kichwa kinazunguka, macho yanaona ukungu, unatapika. Ikizidi sana inagusa moyo, unapiga ovyo ovyo, na kuna watu waliopoteza macho. Inaweza kushusha sukari ya damu, hasa kwa mama mwenye mimba. Na kuna watu wachache ambao hata kiasi kidogo cha toniki ya dukani kinaharibu zile chembe za damu zinazozuia kutokwa na damu: mwili unatoka madoa mekundu, ufizi unatoka damu. Huwezi kujua kama wewe ni mmoja wao mpaka unywe. Kule Marekani watu walikuwa wanameza kinini usiku kwa ajili ya misuli ya miguu inayokaza. Mwaka 2006 serikali yao iliagiza vidonge vya kinini visivyokuwa na kibali viondolewe sokoni, kwa sababu ya hatari hizi. Kule Ujerumani, mwaka 2005, ofisi yao ya usalama wa chakula iliwashauri bamama wenye mimba wasinywe vinywaji vya kinini, kwa tahadhari tu. Huko etiketi iko, na kipimo kiko. Sisi tungeuza bila kimoja wala kingine, siku ya soko, ambapo nusu ya wanunuzi ni bamama, na wengi wao wako na mimba.

Mzee mmoja alituambia: «Lakini hii ni kitu ya asili, Mungu ameiumba, haina kemikali.» Mzee wetu, tunakuheshimu, na tulikujibu kwa mhogo. Mhogo mchungu ni wa asili. Nani hapa anaukula bila kuuloweka? Munauloweka siku tatu, munaukausha, kwa sababu bibi zetu walijua kwamba ndani muko kitu kibaya. Vita ilipokuja, watu wakawa wanakimbia, wanachimba haraka, wanaloweka usiku mmoja tu, wanakula. Wengine miguu ikakaza, mpaka leo wanatembea na fimbo. Ndiyo konzo ile, na Kongo inaijua kuliko nchi nyingi. Daktari Trolli aliiandika kule Kwango tangu mwaka 1938, na Kivu yetu pia imeshaiona.

Wala si kwetu tu. Marekani walikuwa na kinywaji walichokipenda sana, kilichopikwa na ganda la mzizi wa mti unaoitwa sasafrasi. Watoto wote walikunywa. Baadaye panya wa laboratware waliopewa mafuta yanayotoka ndani ya lile ganda, yaani safroli, wakapata kansa ya ini, na mwaka 1960 serikali ikayakataza ndani ya chakula. Kinywaji hakikufa. Walibadilisha tu kiungo, na mpaka leo kinauzwa. Hiyo ndiyo tunayoomba hapa.

Tuseme kidogo habari ya zile pakiti ndogo za vanila ambazo bamama wa mandazi wananunua, maana watu walianza kuogopa nazo pia. Nyingi ndani yake si vanila ya shamba, ile inayolimwa Beni na Ituri. Ni vanilini iliyotengenezwa kiwandani. Wajerumani walijua kuitengeneza tangu mwaka 1874. Lakini vanilini ya kiwanda na vanilini iliyo ndani ya ganda la vanila ni kitu kimoja, na kwa kiasi kinachowekwa kwenye unga haina shida. Kwa hiyo musitupe pakiti zenu. Sisi tunaangalia tu kama pakiti iko na jina la mtengenezaji, orodha ya vilivyomo na tarehe. Ile ya unga wa njano iliyofungwa ndani ya karatasi ya plastiki bila maandiko yoyote, hata ikiwa nafuu, muiache kwa muuzaji.

Sasa, tangawizi na sitroneli. Hivi vinaliwa kila siku katika nyumba zetu, kiasi ambacho mama anaweka ili ladha iwe nzuri hakidhuru mtu. Hatari ya juisi ya tangawizi haiko kwenye tangawizi, iko kwenye maji na kwenye chupa. Tulipita kwenye maparsela tukaangalia: maji ya kisima yalichemshwa, ndiyo, lakini yakapozwa ndani ya bidoni iliyokuwa na mafuta, na barafu ilinunuliwa kwa mtu asiyejulikana anatoa maji yake wapi. Chupa ziliokotwa, zikaoshwa na maji ya baridi. Kwa kweli kama kuna mtu ataugua kwa juisi yetu mwaka huu, atakuwa ameugua kwa sababu ya bidoni. Juu ya hili tutasumbua sana: sufuria moja ya kuchemshia tu, bidoni mpya ya juisi peke yake, chupa zichemshwe, juisi ya asubuhi iishe jioni kwa sababu hatuna frigo. Inayobaki inyweni nyumbani au mumwage. Tunajua kumwaga kunauma, sukari ni bei.

Wafadhili wetu munaosoma gazeti hili, ile mashine ya kusaga ganda tumeiondoa kwenye ombi. Tunaomba pesa zile zile ziende kwenye sufuria, bidoni, chupa mpya, na gharama ya kupeleka mfano wa juisi kwa OCC ipimwe. Kuna mmoja wenu aliandika kwamba «toniki ya Kivu» ingependeza zaidi kwenye ripoti yake. Tunaelewa. Lakini anayeinywa ni mtoto wa soko, si msomaji wa ripoti.

Na neno «inakinga malaria» halitaandikwa kwenye chupa yoyote yenye jina la asosiasioni hii, wala kwa kinkina, wala kwa artemisia, wala kwa kitu kingine. Mtoto akiwa na homa anapelekwa santere ya afya, anatobolewa kidole, akiwa nayo anapewa dawa zilizochanganywa za programu ya taifa. Mama anayempa juisi na kungoja mpaka kesho anaweza kukosa kesho yenyewe. Tumezika watoto wa kutosha njiani tulipokuwa tunakimbia.

Basi miti tuifanye nini? Tusiikate kwa hasira, tafadhali. Ganda la kinkina liko na soko lake, na soko lile ni la kiwanda kinachotoa kinini na kuipima. Duniani ganda linathaminiwa kwa kinini iliyo ndani, si kwa uzito peke yake. Kwa hiyo anayekuja mlimani na mizani na kulipa kila mtu bei moja kwa kilo, anajua anachokifanya. Tunapendekeza wenye miti wajiunge, wakaushe ganda vizuri kivulini na juani bila kuliacha linyeshewe, wasichanganye la shina na la matawi, na wapeleke mfano upimwe kabla ya kuzungumza bei. Na musichune mti uliosimama, unakufa bure. Ukatwe chini kwa msumeno, kisiki kitachipua tena, na baada ya miaka kadhaa mutavuna. Kwa wale ambao shamba lao bado liko na mgogoro na waliolikalia wakati wa vita, musikate kitu kwanza. Mukikata, kesi itabadilika. Ndugu wa kamati ya mashamba yuko hapa, amesema atabaki baada ya mkutano.

Zile bidoni mbili za juisi yenye ganda iliyokwisha pikwa ziko ndani ya depo, zimefungwa, ufunguo uko kwa mama prezida. Zitamwagwa leo mbele ya wote, mbali na kisima na mbali na mbuzi. Komite imekubali kurudishia bamama bei ya sukari na malimau kutoka kwenye sanduku la msaada, kwa sababu walifanya kazi kwa nia njema na kwa jina letu sote.

Tuko na saa moja ya maswali. Mama wa kitenge cha kijani, tumeona mkono wako tangu zamani, sema.